Mama Dalali Anajibu: Chumba cha elfu 40 ni cha shilingi ngapi?

Wabeja kwa barua zenu. Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilikuwa dalali wa vyumba hapa Mwanza kwa miaka 11, Kirumba mpaka Nyegezi kwa miguu, hadi magoti yakagoma. Sasa nina vyumba vitatu vya kupangisha Buswelu. Wapangaji wananiambia nimeshahamia kwa wenye nyumba, wenye nyumba wananiambia bado nina roho ya mpangaji. Wote wanaendelea kuniandikia, basi na tuendelee.

*"Shikamoo Mama Dalali. Nina miaka 24, nauza kwenye duka la dawa mjini, mshahara laki tatu na nusu. Nimepanga Mabatini juu kwenye mawe: chumba kimoja elfu 40, choo cha nje, maji nanunua. Nimechoka kupanda. Nimepata chumba masta, chenye choo ndani, Buhongwa, elfu 90, kina vigae na maji ndani, ila mwenye nyumba anataka miezi sita. Rafiki zangu karibu wote wameshahamia pembeni ya mji. Nihame?"*
— Mpanda Mawe, Mabatini

Marahaba mwanangu. Kabla ya kukujibu nimechukua karatasi nikapiga ile hesabu ambayo sisi madalali hatukuwa tukimpigia mteja, maana mteja akishaipiga hatoki tena kwenda kuona chumba.

Nilipokupigia simu ulisema unatumia madumu matatu kwa siku. Chini barabarani dumu ni shilingi 100, huko ulipo ni 300, kwa sababu yule kijana hakuuzii maji, anakuuzia miguu yake. Kwa mwezi ni 27,000. Umeme wa LUKU unachangia 7,000. Kazini unashuka kwa mguu dakika 25, ila siku mbili kwa wiki mnafunga usiku na unapanda boda ya 1,500. Hiyo ni kama 12,000. Weka na kodi: 86,000. Chumba chako cha elfu 40 ni cha elfu 86.

Twende Buhongwa. Kodi 90,000. Bili ya maji tuseme 8,000, LUKU 10,000 maana sasa utakuwa na mita yako na pasi yako. Daladala umesema 700 kwenda na 700 kurudi. Siku 26 za kazi, 36,400. Halafu kuna kitu ambacho hukukiandika mpaka nilipokuuliza: kutoka stendi mpaka kwenye hiyo nyumba ni mbali, na saa mbili usiku hutembei peke yako. Boda 1,000 kila jioni, 26,000. Jumla 170,400. Hapo nusu ya mshahara imekaribia kwisha na hujanunua hata kilo ya sembe. Wewe ulidhani unaongeza elfu 50. Unaongeza 84,400.

Na mlangoni utaingia na shilingi ngapi? Miezi sita ni 540,000, dalali mwezi mmoja 90,000, jumla 630,000. Najua utaenda kukopa kwenye kikoba. Basi mwezi wa kwanza utalala kwenye vigae ukiwa na deni.

Usitafute sheria ya kukukinga na hiyo miezi sita. Tulikuwa nayo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo ni maelewano ya anayetaka na aliye nacho. Sensa ya 2022 iliwakuta watu zaidi ya milioni 1.1 Nyamagana na Ilemela, wilaya zinazobeba mji wetu, kwa pamoja, na kila anayeshuka stendi ya Nyamhongolo na begi lake anatafuta kilekile unachokitafuta wewe: chumba kimoja, masta, karibu na lami. Mwenye nyumba wako analijua hilo. Ila nawe kuna jambo unaweza kulijua: muulize jirani, si dalali, chumba kimekaa kitupu tangu lini. Kikishapita miezi miwili na vumbi liko dirishani, miezi sita inakuwa mitatu. Nimeyaona hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Lakini mimi nisingeenda Buhongwa. Mabatini naijua. Mwaka 1999 nilipanga huko chumba ambacho ukuta wa nyuma haukuwa ukuta, lilikuwa jiwe lenyewe. Fundi alijenga kuta tatu akaliachia jiwe lifunge kazi. Masika lilikuwa linatoa jasho, nikawa natandika gunia chini yake na kulikamua asubuhi kama nguo. Kiangazi lilikuwa na ubaridi mtamu. Maziwa ya mtoto nilikuwa nayaweka pembeni yake na hayachachi mpaka jioni. Mwenye nyumba alipokuja kupandisha kodi nilimwambia, ukuta mmoja ni wa Mungu, unanidai wa nini? Alicheka, akapandisha hivyohivyo.

Kwenye milima ya Mwanza kuna mstari. Hauchorwi popote, lakini mabomba ya maji yanaishia hapo. Juu yake kodi inashuka, chini yake inapanda. Mimi nilikuwa nauza mstari ule miaka yote bila kuutaja. Wewe shuka chini kidogo tu, hapo hapo Mabatini, tafuta chumba chenye bomba uani. Vipo vya elfu 60. Maji utachangia 8,000, LUKU 7,000, boda zako zile za usiku 12,000. Jumla 87,000. Yaani unaongeza elfu moja juu ya unachotumia leo, na dumu umelitua.

Nenda kukiona siku ya mvua. Dalali atakwambia twende kesho jua likiwaka, kataa. Angalia maji yanapita mlango wa nani. Tazama ukutani kama kuna mstari wa tope. Uliza choo kinaishia wapi: baadhi ya milima, Mabatini ikiwemo, mabomba ya majitaka yamepitishwa katikati ya mawe, na nyumba nyingine zimeunganishwa, nyingine hazijaunganishwa. Kama jirani wa juu hajaunganishwa, mvua ikinyesha atatapisha choo, na wewe ndiwe wa chini. Hilo likitokea usije ukaniandikia, nitakuwa nimeshakwambia.

*"Mama, tuko wapangaji sita Nyakato, mita moja ya umeme. Kila mwezi mama mwenye nyumba anatutoza 1,500 kila mmoja, anasema ni kodi ya majengo ya serikali. Ni halali?"*
— Sita kwa Mita Moja

Hapana. Kodi ya majengo kwa nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, ndiyo ile 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU. Inakatwa kwa mita, haikatwi kwa kichwa. Yeye anakusanya 9,000 kwa mwezi, 108,000 kwa mwaka, kwa kodi ya 18,000. Na hiyo 18,000 yenyewe ni ya kwake, si yenu: kodi hii ni ya mwenye jengo, na mpangaji aliyeilipa kupitia LUKU ana haki ya kuidai au kuikata kwenye pango. Kusanyeni risiti za LUKU za mwaka mzima, ile ya kodi inaonekana peke yake. Mpelekeeni wote sita kwa pamoja, jioni, kwa heshima, mkiwa mmeshaoga. Akiwa mkali, mwenyekiti wa mtaa yupo. Na mkishamaliza hilo nunueni submita sita, zile mita ndogo za kila chumba, maana bila hivyo mwezi ujao mtakuwa mnagombania jiko la umeme la mmoja wenu.

*"Dada, habari za huko. Mimi ni mzaliwa wa Sengerema, niko Dar miaka 20. Sasa daraja la Kigongo–Busisi limekamilika nataka kununua kiwanja cha kujenga nyumba ya kustaafia, ama Busisi ama upande wa Mwanza karibu na maji. Nimetumiwa picha za kiwanja kizuri ufukweni, bei nzuri, mwenyekiti yuko tayari kusaini. Nitume hela?"*
— Kaka wa Sengerema

Kaka yangu, salama. Usitume.

Daraja naliona neema. Mimi nimekaa foleni ya feri Kigongo nikila mahindi ya kuchoma matatu mfululizo kwa sababu hakukuwa na lingine la kufanya, na mgonjwa kwenye gari la mbele yetu anapepewa na khanga. Tangu Juni 2025 unavuka zile kilomita 3 na kidogo kabla wimbo haujaisha redioni. Mtu anaweza kulala Busisi na kufanya kazi Mwanza, jambo ambalo zamani lilihitaji moyo. Ndiyo maana viwanja vya huko navyo vimeanza kuvaa suti. Kila shamba la mihogo linaloonekana kutoka barabarani sasa linaitwa "mradi".

Lakini shamba halijawa kiwanja kwa sababu ya daraja. Jiulize kwanza: hiyo ardhi ni ya kijiji au ni ya mji? Kama ni ya kijiji, inaendeshwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na hapo mwenyekiti hagawi ardhi kwa saini yake. Ombi lipite kwenye halmashauri ya kijiji, liende mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe, watu waseme ndiyo au hapana hadharani. Wewe ni mzaliwa, una ndugu huko, basi simama kwenye mkutano huo wakuone uso. Na kama ni mjini, mwenyekiti wa mtaa ni shahidi tu wa kwamba mmeuziana. Hana ardhi na hatoi hati. Nimeona watu wamefremu ukutani barua ya mtaa wakidhani ni hati.

Kama unaambiwa kina hati, chukua namba ya kiwanja na kitalu, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati, ulipie, usubiri. Kama kimepimwa, nenda na mpima ardhi wako wewe, si wa muuzaji, akuonyeshe bikoni, zile alama za mipaka, kwa mguu. Bikoni isiyoonekana siyo bikoni. Halafu uliza muuzaji ana mke. Kama kuna nyumba ya familia hapo, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja aiuze bila ridhaa ya mwenzake. Mimi nilikuwa na utaratibu wangu: nilikuwa naomba maji ya kunywa. Kama anayeleta maji ni mke na sura yake imekunjamana, siendelei na biashara.

Sasa ufukwe. Hapa naomba ukae chini.

Mwaka 2012 nilinunua kiwanja Luchelele, hatua 40 kutoka majini. Nikajenga msingi wa vyumba vitatu na sebule inayotazama ziwa. Nilikuwa nakwenda Jumapili kukaa juu ya ule msingi na chupa ya chai, nikiangalia mitumbwi ya dagaa, najiona mwanamke wa maana. Mwaka 2020 ziwa likapanda. Si kwetu tu, Victoria yote, likafika kimo ambacho lilikuwa halijakikaribia tangu 1964. Mwezi Mei nikaenda na mwanangu. Bikoni mbili kati ya nne zilikuwa ndani ya maji. Kwenye chumba cha wageni magugu maji yalikuwa yameshatoa maua. Na pale sebuleni, naapa, kulikuwa na mtoto wa miaka kama tisa, kakaa juu ya ukuta wangu, miguu ndani ya maji, anavua kambale. Nikamuuliza, unavua kwenye nyumba ya nani? Akaniangalia, akaangalia maji, akasema, "Ipo wapi nyumba?"

Maji yakashuka, yakarudi tena mwaka 2024. Fidia sikupata na sikustahili, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hatua zangu 40 hazikutosha hata kwa mwanariadha. Muuzaji naye nisingeweza kumshitaki kwa sababu ni shemeji yangu, na hadi leo kwenye misiba tunakaa mikeka tofauti.

Kwa hiyo kaka, picha zako za ufukweni nimeziangalia. Jiti linaloonekana nyuma ya yule kijana aliyenyoosha mkono lina mstari mweusi kwenye shina, usawa wa kiuno chake. Unajua ule mstari ni wa nini. Omba likizo, panda basi, vuka daraja lako, na upime mita 60 kwa futi kamba, siyo kwa hatua.

*"Mama Dalali, mimi ni mwalimu, Ilemela. Benki inanishawishi nichukue mkopo wa nyumba milioni 50, miaka 15. Mke wangu anasema tujenge polepole. Nani yuko sahihi?"*
— Mwalimu

Mdogo wangu, ulisema riba ni asilimia 16. Kwa riba hiyo utalipa kama 734,000 kila mwezi, na miaka 15 ikiisha utakuwa umetoa milioni 132 kwa nyumba ya milioni 50. Tena mtumishi wa umma lazima abaki na theluthi ya mshahara wake wa msingi, kwa hiyo kama msingi wako haufiki milioni 1.1 habari imekwisha kabla hujasaini. Huo upande wa benki sina la kuongeza.

Upande wa mkeo nauongeza, kwa sababu watu wanausifia kana kwamba ni bure. Mimi nimejenga Buswelu miaka tisa. Mwaka wa kwanza mawe. Mawe ya Mwanza ni rahisi, unawakuta akina mama chini ya miamvuli wanagonga kokoto, unapatana nao hapohapo, nikajisemea nyumba imekwisha hii. Mwaka wa pili nikachimba shimo la choo. Futi tatu, jiwe. Fundi akasema dawa yake ni kulichoma: magogo juu yake, moto usiku kucha, asubuhi maji ya baridi, linapasuka. Tukachoma siku nne. Majirani walidhani ninapika pombe. Lile shimo lilinigharimu kuliko msingi wote, na sikuwa nimeliweka kwenye bajeti hata kwa shilingi moja. Mwaka wa nne ukuta ulikuwa umefika lenta, mtu akaja usiku akachukua nondo. Mwaka wa tano nikawa nalipa kodi ya chumba mjini na mlinzi wa pagale Buswelu, yaani napanga nyumba mbili na siishi kwenye nzuri.

Hata hivyo mkeo yuko sahihi, ila kwa sharti: jengeni chumba kimoja na choo, paueni, hamieni. Hata bila plasta, hata turubai dirishani. Pagale lenye sufuria jikoni haliibiwi nondo, na ile kodi mnayolipa leo inageuka saruji mwezi unaofuata. Sebule itakuja. Wanenu wataikumbuka turubai kwa kucheka. Wangu wanaikumbuka, ingawa si mara zote kwa kucheka.

*"Mwangaluka. Nyumba yangu ya Kitangiri ni ya zamani, vyumba sita na uani, wapangaji wa siku nyingi. Vijana wangu wanataka tuibomoe tujenge apatimenti za masta na geti. Unasemaje?"*
— Mzee wa Kitangiri

Mwangaluka baba, na shikamoo. Vijana wako wanasema kweli ya soko. Siku hizi anayepiga simu anauliza mambo matatu kwa mfuatano huu: ni masta? maji ya ndani? wapangaji wangapi? Akisikia sita kwenye uwanja mmoja anakata simu. Hataki foleni ya choo wala macho ya watu kwenye sahani yake.

Mimi uani nimelelewa. Uani ndiko nilikojua bei ya sato kabla ya kwenda soko la samaki la Mwaloni, kwa sababu jirani ametoka huko. Uani mtu akiugua saa nane usiku kuna milango mitano ya kugonga. Kwenye vyumba vyangu vya Buswelu, vyote masta, nina wapangaji wawili ambao wamekaa mwaka na miezi minne na hawajuani majina. Mmoja alinipigia simu mimi, nikiwa sokoni, nimwambie jirani yake apunguze muziki.

Lakini hayo ni yangu. Hela ni yako. Nakuomba tu mawili: wapangaji wa siku nyingi wape taarifa ya miezi mitatu kwa maandishi, si tingatinga asubuhi, na kabla hujabomoa nenda halmashauri ukachukue kibali cha ujenzi, maana kuta za zamani hazikuombewa na mtu, lakini za sasa zitapigwa X nyekundu kabla hujapaua. Ukipata nafasi kwenye ramani acha baraza moja la pamoja, hata la mita tatu kwa nne. Fundi atakwambia unapoteza chumba kizima. Mwache aseme.

*"Wewe mama, toleo lililopita ulituita madalali wezi wa hela ya kuonyesha nyumba. Umesahau ulikotoka? Mafuta ya boda analipa nani? Wewe ulikuwa hutozi?"*
— Dalali halali, Nyegezi

Sikusema wezi. Nilisema elfu 10 ya kuonyesha chumba cha elfu 50 ni nyingi, na kwamba mteja alipe mguu, siyo picha ya mwaka juzi. Hilo narudia. Mafuta yamepanda, nakubali, na mwenye nyumba anayekutumia miezi mitano kujaza vyumba vyake na asikupe hata soda naye ana lake la kujibu.

Kuhusu mimi: nilikuwa natoza. Elfu mbili. Na kwa kuwa umeuliza mbele za watu, nijibu mbele za watu. Mwaka 2007 kulikuwa na chumba Igogo, mlango wa bluu, kina kibaraza kinachoona meli bandarini. Kilikuwa kizuri mno. Kilipangishwa Jumatatu. Jumanne na Jumatano nilikipeleka watu 17, mmoja mmoja, kila mmoja elfu mbili, na kila mmoja nikamwambia mwenye funguo katoka kidogo, tutakucheki. Ile hela nilimlipia mwanangu ada, kama hilo linasaidia chochote.

Wewe uliyesimama kwenye kile kibaraza ukahesabu pazia lako litakaa vipi, nipo Buswelu, uliza nyumba ya mama mwenye magoti. Elfu mbili yako ipo. Chai pia ipo.